Native: Kivumishi Kilichopoteza Mahali Pake

Katika Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi ya Zambia na ndicho kinachotumika mahakamani, bungeni na katika hati za ardhi, kipo kivumishi kifupi, "native", ambacho leo hupita masikioni mwa watu bila kumshtua mtu, ingawa kwa muda mrefu wa karne ya ishirini ndicho kilichoamua mkazi wa ufuo wa Ziwa Mweru, awe wa Nchelenge, wa Kashikishi au wa vijiji vya kando ya maji ya Mofwe, alipe kodi gani, ashtakiwe katika mahakama ipi na alime ardhi ya aina gani. Kivumishi, kwa maelezo ya wanasarufi, ni neno linaloifafanua nomino kwa kuipa sifa, idadi au mahali, na kwa hiyo kwa kawaida halisimami peke yake, kwa kuwa sifa lazima iwe sifa ya kitu fulani. Mazungumzo haya yanaeleza maana ya kivumishi hicho, matumizi yake na asili yake ya Kilatini, na yanakusudia kuonyesha kwamba ubaya uliokuja kukiandama haukuzaliwa katika mzizi wake, ila uliingia pale kilipotengwa na jina la mahali lililopaswa kufuatana nacho.

Mzizi wa neno hilo ni kitenzi cha Kilatini "nasci", maana yake kuzaliwa, ambacho kilitoa umbo "natus", yaani aliyezaliwa, na kutokana na umbo hilo, kwa kuongeza kiambishi tamati "-ivus" kinachoonyesha hali au tabia ya kitu, Warumi walipata "nativus", yaani kilichopatikana kwa kuzaliwa, kisichotengenezwa kwa mkono wala kununuliwa sokoni. Katika Kilatini cha kale zaidi kitenzi hicho kilianza na sauti ya "g", kikatamkwa "gnasci", na alama ya sauti hiyo imebaki katika neno "cognatus", ambalo kwa tafsiri ya moja kwa moja ni aliyezaliwa pamoja na mwingine, yaani ndugu wa damu. Kwa njia hiyo ukoo wa neno hili unaungana na ule wa "genus", yaani jamii au aina, na wa "gens", yaani ukoo, pamoja na neno la Kigiriki "genesis" linalojulikana na kila msomaji wa Biblia kuwa ni jina la Kitabu cha Mwanzo katika lugha nyingi za Ulaya.

Watoto wa "nasci" ni wengi, na baadhi yao wamefika Afrika kwa njia ambazo hazikutarajiwa. Neno "natio", ambalo kwanza lilikuwa na maana ya uzazi au kizazi na baadaye likawa watu wa asili moja, ndilo lililozaa jina la Kiingereza la taifa, na neno "natura", ambalo kwanza lilikuwa na maana ya kuzaliwa au tabia ya kuzaliwa nayo, ndilo lililozaa jina la maumbile. Jimbo la Natal huko Afrika Kusini lilipata jina lake mwaka 1497, pale merikebu za Vasco da Gama zilipopita pwani yake wakati wa Krismasi, kwa kuwa kwa Kireno siku hiyo ya kuzaliwa Kristo huitwa Natal, kutokana na Kilatini "natalis". Kifaransa kilichukua neno hilohilo na kulifupisha hadi likawa Noël, na Wakristo wa ng'ambo ya Ziwa Mweru, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wakasema Noeli wakati wenzao wa Nchelenge wanasema Krismasi, kiasi kwamba tarehe 25 Desemba, kwenye fuo mbili za ziwa moja, sikukuu moja inaitwa kwa majina mawili, na jina la ng'ambo ni ndugu wa damu wa kivumishi kinachozungumzwa hapa.

Kiingereza hakikulitoa neno hilo katika Kilatini peke yake, kwa sababu baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066 maneno mengi ya Kilatini yalipitia Kifaransa kabla ya kufika kwa Waingereza. Kifaransa chenyewe kilikuwa na maumbo mawili ya "nativus": la kwanza, "natif", lililobaki karibu na umbo la wasomi, na la pili, "naïf", lililochakaa midomoni mwa watu wa kawaida hadi likapoteza konsonanti yake ya katikati. Umbo la kwanza lilihifadhi maana ya kuzaliwa mahali, na la pili likaelekea kwenye maana ya mtu asiye na hila, aliyebaki kama alivyozaliwa, na hatimaye mtu asiyejua mambo ya dunia. Kiingereza kiliyachukua yote mawili, kila moja kwa wakati wake, na msikilizaji anayekijua Kiswahili hatashangazwa na safari hiyo, kwa maana neno mshamba, ambalo kwa asili humtaja tu mtu wa shamba, limesafiri njia ileile hadi likafika kwenye kebehi ya mtu asiyeijua mitindo ya mjini.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba dharau ilikwisha kulikaribia neno hili karne nyingi kabla ya Mwingereza wa kwanza kuliona Ziwa Mweru, na waliodharauliwa kwanza walikuwa Waingereza wenyewe. Katika sheria ya Uingereza ya zama za kati, ambayo iliandikwa kwa Kilatini, "nativus" lilikuwa jina la mkulima aliyezaliwa katika utwana, yaani mtu aliyefungwa na ardhi ya bwana wake kwa sababu baba yake naye alikuwa amefungwa nayo, asiyeruhusiwa kuondoka bila idhini, na ambaye akitoroka bwana aliweza kupata hati ya kumrudisha iliyoitwa "de nativo habendo", yaani hati ya kumpata "nativus". Katika matumizi hayo kuzaliwa mahali hakukumpa mtu haki juu ya mahali hapo, bali mahali hapo ndipo palipopata haki juu ya mtu.

Hata hivyo Kilatini hakipaswi kubeba lawama hiyo, kwa sababu mzizi uleule uliwapa Warumi neno "ingenuus", ambalo kwa asili lilimtaja aliyezaliwa ndani, yaani mzaliwa wa pale, na ambalo katika sheria ya Kirumi likawa jina la mtu aliyezaliwa huru, asiyewahi kuwa mtumwa, na kutokana na uhuru huo likapata maana ya mtu mwenye adabu na moyo mweupe. Waswahili wa pwani walikuwa na neno linalolingana nalo karibu kwa kila upande, nalo ni mwungwana, ambalo lilimtaja mtu huru kinyume cha mtumwa na kisha likawa jina la mtu mwenye heshima na mwendo mzuri. Misafara ya biashara ya karne ya kumi na tisa ilipofika Ziwa Tanganyika, Mweru na Katanga, watu wa misafara hiyo walijiita waungwana, na Kiswahili kilichoenea Congo kikaitwa Kingwana kwa jina lao. Mzizi mmoja wa Kilatini, basi, uliweza kumtaja mtumwa wa ardhi huko Uingereza na mtu huru huko Roma, jambo linaloonyesha kwamba heshima ya neno la kuzaliwa hutegemea mpangilio wa jamii inayolitumia.

Katika Kiingereza cha leo "native" hutumika kwa namna kadhaa ambazo inafaa zitenganishwe. Hutumika kwanza kuonyesha mahali mtu alipozaliwa, na hapo hufuatwa na kihusishi na jina la mahali, kama mtu anaposemwa kuwa ni mzaliwa wa Mansa au wa Kawambwa. Hutumika pili kwa lugha, na hapo lugha hiyo ndiyo Waswahili wanayoiita lugha mama au lugha ya kwanza, ile ambayo mtoto aliipata bila kufundishwa darasani. Hutumika tatu katika elimu ya viumbe kwa mmea au mnyama aliyepo mahali bila kuletwa na binadamu, kinyume cha aliyeletwa, kama sangara alivyoletwa katika Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita na kuwamaliza furu wengi waliokuwa wenyeji wa maji yale, au kama kapenta wa Ziwa Tanganyika walivyopelekwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960. Hutumika nne kwa madini yanayopatikana ardhini yakiwa tayari ni metali, bila kuhitaji kuyeyushwa kutoka katika mawe, na ndiyo maana wanajiolojia huzungumza juu ya shaba ya namna hiyo kwa kivumishi hikihiki. Katika matumizi hayo yote manne hakuna tusi hata moja, na katika kila moja lipo jibu la swali la kitu gani, au la wapi.

Tusi huanza pale kivumishi kinapogeuzwa kuwa nomino na kuachwa bila mahali. Anayesema kwamba mtu fulani ni mzaliwa wa Nchelenge ametoa habari, na habari hiyo inaweza kumhusu mvuvi, mwalimu, hata mtoto wa mzungu aliyezaliwa hospitalini Kashikishi. Lakini anayesema "native" bila kuongeza jambo amemtaja mtu kwa kuzaliwa ambako hakuna mahali, kana kwamba wengine wote hawakuzaliwa popote. Kwa mantiki ya sarufi kila binadamu ni mzaliwa wa mahali fulani, afisa wa kikoloni alikuwa mzaliwa wa London au Edinburgh sawa na vile mvuvi alivyokuwa mzaliwa wa Kilwa, kisiwa cha Mweru, lakini sheria za kikoloni zilimwita "native" mmoja tu kati yao, na hakuitwa hivyo kwa sababu ya mahali alipozaliwa bali kwa sababu ya rangi aliyozaliwa nayo.

Historia ya Mofwe na ufuo wa Mweru inaonyesha vizuri jinsi watu walivyotajwa kabla ya neno hilo kufika. Ufalme wa Mwata Kazembe, ambao watawala wake Walunda walitoka magharibi, katika himaya ya Mwata Yamvo, na kujenga miji mikuu yao karibu na maji ya Mofwe, uliwakuta Washila, wavuvi waliotambuliwa kuwa wenye nchi, na mwanaanthropolojia Ian Cunnison, katika kitabu chake kuhusu watu wa Luapula kilichotoka mwaka 1959, alieleza kwa urefu tofauti kati ya wenye ardhi na watawala. David Livingstone alifika Mweru Novemba 1867 na kuingia mjini kwa Mwata mwezi huohuo, na huko alimkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa amekaa miaka mingi kwa kuwa hakuruhusiwa kuondoka. Katika mji huo hapakuwa na mtu aliyeitwa mzaliwa mtupu. Palikuwa na Walunda, Washila, Wabemba, Wabwile, Wayeke, Waarabu na watu wa pwani, na kila jina lilisema mtu ametoka wapi au ni wa ukoo gani. Kibemba chenyewe huwataja watu kwa neno "abena" linalotangulia jina la mahali au la ukoo, kama katika "abena Luapula", yaani watu wa Luapula, na neno hilo haliwezi kusimama bila jina hilo la pili.

Baada ya mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mpaka ulipitishwa katika mto Luapula na katika ziwa, na ndugu waliokuwa wakivuka kwa mtumbwi kwenda kuzika au kuoa walijikuta wamegawanywa kati ya lugha mbili za utawala. Upande wa mashariki waliitwa "natives" kwa Kiingereza, na upande wa magharibi waliitwa "indigènes" kwa Kifaransa, neno ambalo nalo ni la Kilatini, kutoka "indigena", lililoundwa kwa neno la kale lenye maana ya ndani na mzizi uleule wa kuzaa, kwa hiyo nalo lina maana ya aliyezaliwa ndani, na halina uhusiano wowote na nchi ya India ingawa sauti zake zinafanana. Serikali mbili zilizoshindana kwa ardhi zilikubaliana, bila kukutana juu ya jambo hilo, kumvua mtu wa ziwa jina la mahali pake na kumvika kivumishi cha kuzaliwa.

Sheria za Rhodesia ya Kaskazini, kama nchi ya Zambia ilivyoitwa wakati huo, zilijengwa juu ya kivumishi hicho kama nyumba inavyojengwa juu ya msingi. Sheria ya mwaka 1929, iliyofuatwa na nyingine ya mwaka 1936, iliwaweka machifu chini ya mfumo ulioitwa Mamlaka za "Native", yaani utawala wa wakoloni kupitia kwa watawala wa jadi. Amri ya mwaka 1928 ilitenga hifadhi za ardhi kwa ajili ya Waafrika kwa jina hilohilo, na amri ya mwaka 1947 ikaongeza aina nyingine ya ardhi ya amana kwa kivumishi kilekile. Tanganyika ilikuwa na sheria yake ya namna hiyo mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, na Kenya ilikuwa na mabaraza ya wenyeji yaliyobeba jina hilo tangu miaka ya 1920, huku nchini Uganda hata kanisa la Kianglikana likibeba kivumishi hicho katika jina lake kwa muda mrefu. Katika pwani ya Kenya na Zanzibar suala la nani ni "native" na nani si "native" liliwagawa watu wa mji mmoja, kwa sababu Mwarabu alihesabiwa nje ya kundi hilo na Mswahili akahesabiwa ndani, na jamii za Waswahili zilitumia miaka mingi kudai zitolewe humo, kwa kuwa kundi hilo lilikuwa na maana ya kodi nyingine, mgawo mwingine na haki pungufu.

Waafrika waliisoma sarufi hiyo mapema na kuikataa. Chama cha Afrika Kusini kilichoanzishwa Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912 kilibeba neno "Native" katika jina lake, lakini mwaka 1923 kikaliondoa na kuweka "African", na kwa jina hilo jipya, ANC, ndivyo kinavyojulikana duniani hadi leo. Wamaori wa New Zealand waliona wizara yao ikibadilishwa jina kwa namna hiyo mwaka 1947, nayo mabaraza ya Kenya yakageuzwa kuwa ya wilaya za Waafrika mwaka 1950. Nchini Zambia, baada ya uhuru wa tarehe 24 Oktoba 1964, mahakama zilizokuwa zikiitwa za "native" ziliundwa upya kwa sheria ya mwaka 1966 zikiitwa za "local", na sheria ya ardhi ya mwaka 1995 ikaziunganisha zile hifadhi na ardhi za amana kuwa ardhi ya kimila. Mabadiliko hayo yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu "local" nalo ni neno la Kilatini, kutoka "locus", yaani mahali, na kwa hiyo mtunga sheria, alijua au hakujua, aliondoa neno la kuzaliwa na kuweka neno la mahali, akairudishia mahakama ya kijiji mahali pake palipokuwa pameondolewa.

Kiswahili nacho kina sehemu yake katika habari hii, na hakifai kujifanya hakimu asiye na doa. Neno mwenyeji, ambalo wengi hulifasiri kuwa mwenye mji, ni bora kuliko "native" kwa jambo moja kubwa: lina pande mbili, kwa sababu humtaja mtu wa mahali na pia humtaja anayempokea mgeni, hivyo kwamba hakuna mwenyeji pasipo mji na pasipo uwezekano wa mgeni kubisha hodi. Neno mzawa limefungwa na kuzaliwa kama "nativus", na wale wanaokumbuka mijadala ya Tanzania kuhusu uzawa na umiliki wa biashara baada ya kubinafsishwa kwa mashirika ya umma wanajua jinsi linavyoweza kuwa silaha. Neno asilia limetoka katika Kiarabu, kwenye neno lenye maana ya shina na chimbuko, na Waswahili walipenda kulitumia kwa miti na viumbe. Lakini lipo pia neno mshenzi, ambalo watu wa pwani waliwatupia watu wa bara, pamoja na wale wa nchi za maziwa, miaka mingi kabla ya Mzungu kuwatupia wote wawili neno lake.

Mfano ulio karibu zaidi na jikoni ni ule wa "-a kienyeji". Mama anayenunua kuku sokoni hulipa zaidi kwa kuku wa kienyeji, kwa kuwa nyama yake ni ngumu lakini mchuzi wake una ladha, na hapo neno ni sifa inayopandisha bei, sawa na Kiingereza cha Zambia kinapomwita kuku huyohuyo wa kijijini. Lakini fundi akiambiwa kwamba ameunganisha umeme kienyeji ametukanwa, kwa maana amefanya kazi bila ujuzi na nyumba inaweza kuungua. Pombe ya kienyeji huzungumzwa kwa sauti ya chini, mboga za kienyeji zimepanda heshima tangu madaktari walipoanza kuzisifu, na dawa za kienyeji zilidharauliwa hadi sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 ilipoliacha neno hilo na kuchagua tiba asili. Kivumishi ni kimoja, mzizi ni mmoja, na tofauti ya heshima na dharau inatokana na msemaji kumfikiria nani kuwa ndiye kipimo cha ubora. Kuku anapopimwa, kipimo ni kijiji, hivyo kienyeji ni sifa. Umeme unapopimwa, kipimo ni chuo cha ufundi, hivyo kienyeji ni lawama.

Nchelenge ya leo inalifanya swali hili liwe zaidi ya swali la kamusi. Vita vya Congo viliwasukuma watu wa Pweto na maeneo ya jirani kuvuka kuingia Zambia mwishoni mwa mwaka 2000, na wimbi jingine lililoanza mwaka 2017 lilipita katika kituo cha mapokezi cha Kenani kabla ya wakimbizi kupelekwa kwenye makazi ya Mantapala, katika wilaya hiyohiyo ya Nchelenge, yaliyofunguliwa mwaka 2018. Miongoni mwao wapo wanaozungumza Kiswahili cha Congo na wapo wanaozungumza Kibemba kama majirani zao, na kwa kuwa mwaka 2014 shule za Zambia zilianza kutakiwa kufundisha madarasa ya kwanza kwa lugha za nchi, huku Luapula ikitumia Kibemba, mtoto wa Mantapala anaweza kuwa mzungumzaji wa kuzaliwa wa lugha ya shule na wakati huohuo akawa mgeni kisheria. Hapo kivumishi kimoja kinajibu ndiyo kwa lugha na hapana kwa uraia, jambo lisilo na ajabu kwa anayekumbuka kwamba kuzaliwa katika lugha na kuzaliwa katika nchi ni mambo mawili.

Siasa za Zambia zimewahi kuonja uchungu wa neno la kuzaliwa. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1996 yalitaka wazazi wote wawili wa mgombea urais wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba, na kwa sharti hilo Kenneth Kaunda, aliyezaliwa Lubwa karibu na Chinsali lakini wazazi wake wakiwa wametoka nchi inayoitwa Malawi leo, alizuiwa kugombea urais wa nchi aliyoiongoza miaka 27. Mwaka 1999 Mahakama Kuu hata ilimtangaza kuwa hana uraia wa nchi yoyote. Frederick Chiluba, ambaye serikali yake ndiyo iliyoleta sharti hilo, naye alipelekwa mahakamani kwa madai kwamba asili yake ilikuwa Congo, na Mahakama ya Juu ikayatupa madai hayo mwaka 1998. Ng'ambo ya ziwa, katika Katanga ya mwaka 1992 na 1993, neno la Kifaransa "originaire", kutoka katika Kilatini "origo" lenye maana ya chimbuko, lilitumika kuwafukuza watu wa Kasai, wakiwemo waliozaliwa Katanga na wasioijua Kasai kwa macho, ushahidi kwamba neno la asili likiwekwa mikononi mwa hasira halimuulizi mtu alizaliwa wapi.

Wako watu, hata hivyo, waliotumia Kilatini juu ya ziwa hili bila kumwonea yeyote, nao ni wataalamu wa samaki. Katika majina ya kisayansi kiambishi "-ensis" huunganishwa na jina la mahali ili kuunda kivumishi chenye maana ya wa mahali hapo, na ndiyo maana Ethelwynn Trewavas, alipomwelezea perege wa maji haya mwaka 1983, alimpa jina Oreochromis mweruensis, yaani perege wa Mweru. Chisense, dagaa wadogo ambao wavuvi wa Kashikishi huwavutia kwa taa usiku usio na mbalamwezi na ambao alfajiri huanikwa mchangani mpaka ufuo wote unameremeta kama uliomwagiwa fedha, walipewa jina na Mbelgiji Max Poll mwaka 1948, naye akaandika "moeruensis", kwa sababu Wabelgiji waliandika jina la ziwa kuwa Moero. Vivumishi viwili, tahajia mbili, tawala mbili, lakini ziwa ni moja, na samaki anayevuka mpaka usiku habadilishi jina lake la Kilatini. Mtaalamu wa samaki alifanya jambo ambalo mtunga sheria wa kikoloni alishindwa kulifanya, yaani alikiacha kivumishi kikiwa kimeshika mahali pake.

Hukumu juu ya "native" inaweza, basi, kutolewa kwa kipimo chepesi ambacho kila msikilizaji anaweza kukitumia, awe anasoma hati ya Kiingereza, anatafsiri habari kwa Kiswahili au anabishana barazani juu ya nani ana haki ya kuwa mahali. Akilikuta neno hilo, au akiyakuta mzawa, kienyeji na asilia, na aulize: wa wapi? Jibu likipatikana, neno hilo ni habari na linaweza kutumika kwa amani, na likikosekana, basi mtu ameondolewa mahali pake na neno hilo linafaa kuachwa kwenye hati za zamani lilikotoka.